Kongo inashinda, Wakongomani wako wapi?

Kila baada ya miaka miwili, mjini Ouagadougou huko Burkina Faso, kunakuwa na FESPACO, tamasha la sinema za Afrika lililoanza mwaka 1969. Tuzo yake kubwa ni Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Mwaka 2017 farasi huyo alichukuliwa na Félicité, hadithi ya mwimbaji wa baa mjini Kinshasa. Mwaka 2019 akachukuliwa na La Miséricorde de la jungle, tuseme Huruma ya Msitu, hadithi ya askari wawili waliopotea porini upande wa Kongo. Mara mbili mfululizo, Kongo ndiyo iliyoonyeshwa na Kongo ndiyo iliyopigiwa makofi. Lakini Félicité imeongozwa na Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegali, na Huruma ya Msitu imeongozwa na Joel Karekezi, Mnyarwanda. Mkongomani hakupanda jukwaani kama mwongozaji hata mara moja.

Najua wengine watasema, wewe unatafuta ugomvi, filamu nzuri ni nzuri tu. Kweli. Lakini sisi hapa Gikundamvura tumezitazama pamoja, vijana waliovuka na vijana waliozaliwa hapa, na hilo swali ndilo lililobaki ukumbini kila mara taa ilipowashwa. Kwa hiyo naliandika. (Zinaitwa filamu mpya. Huku mpya maana yake ni ile ambayo jirani bado hajakusimulia mwisho wake.)

Nianze na ile ya msituni, kwa sababu ndiyo iliyoleta kelele. Ni mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vinaanza. Sajini Xavier, askari wa Rwanda mwenye sifa ya ushujaa, na kijana Faustin, askari mpya, wanaachwa na kikosi chao. Hawana chakula wala maji, hawajui njia. Mbele yao kuna pori lisilo na mwisho na wanamgambo wenye bunduki. Hadithi ni hiyo tu. Mara ya kwanza vijana walikaa wakingoja mapigano kama ya filamu za Kimarekani, na wengine walichoka mapema. Waliovumilia walipata kitu kingine: mtu anayegundua polepole kwamba hajui tena anapigana kwa ajili ya nini. Karekezi hapigi kelele hapo. Anaacha uchovu ufanye kazi. Uso wa Xavier unabadilika kidogo kidogo mpaka unaogopa kumwangalia, na yule Faustin, aliyeingia vitani akitaka kulipiza kifo cha watu wake, ni mtoto tu anayetafuta mkubwa wa kumfuata. Hiyo ni kazi ya mwongozaji mwenye subira. Filamu yake ya kabla ya hiyo, Imbabazi, ya mwaka 2013, nayo ilihusu msamaha.

Sasa shida. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni alisema neno moja ambalo sijasoma kwa mchambuzi yeyote: "Hii filme ni ya mu pori yetu, lakini siye tuko wapi mu ndani?" Yuko sawa. Wakongomani wa filamu hii tunawaona kwa macho ya askari wawili wanaopita. Wanatokea, wanasaidia au wanatisha, halafu hadithi inasonga na hao wawili. Pori lenyewe limepewa nafasi kubwa kuliko watu wanaoliita nyumbani, tena pori hilo lilipigiwa picha Uganda. Simlaumu Karekezi kwa kuchagua askari wake. Mtu anasimulia kutoka pale aliposimama, na kumwonyesha askari wa upande wako akiwa na hofu na mashaka si jambo jepesi. Ila hapa mwaka 1998 si historia ya kwenye kitabu. Kuna watu ukumbini walioukimbia wakiwa wadogo, na kuna wengine waliokimbia juzi. Wao walikuwa wanatafuta uso wao kwenye ule ukuta, na hawakuupata.

Halafu lugha. Kwa sehemu kubwa Xavier na Faustin wanaongea Kifaransa. Askari wawili wa Rwanda, peke yao msituni, na njaa, Kifaransa? Vijana walicheka, na mimi nilicheka nao. Sababu ni pesa na waigizaji. Marc Zinga aliyeigiza Xavier alizaliwa Likasi, Kongo, na amekulia Ubelgiji. FESPACO ya 2019 ilimpa yeye tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, na alistahili kabisa. Hebu liangalie tena hilo: shujaa wa jeshi la Rwanda ni mtoto wa Katanga. Nilipowaambia vijana hivyo, kelele zilinyamaza. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo Mkongomani alikuwemo muda wote?" Alikuwemo, ndani ya sare.

Hapo ndipo nikataka tutazame Augure ya Baloji, na hii naisifia bila kubana maneno. Baloji ni mwanamuziki, mzaliwa wa Lubumbashi aliyepelekwa Ubelgiji akiwa mtoto. Jina lake mtu yeyote wa Bukavu au Lubumbashi analisikia kama walozi, na yeye amelibeba hivyo hivyo. Filamu yake ilionyeshwa Cannes mwaka 2023, katika sehemu ya Un Certain Regard, ikapata tuzo ya sauti mpya. Inamhusu Koffi, aliyefukuzwa na mama yake utotoni kwa sababu ya alama usoni, wakisema ana uchawi. Anarudi na mchumba mzungu mwenye mimba ya mapacha, ameleta mahari. Siku ya kwanza tu anatokwa na damu puani, tone linamwangukia mtoto mchanga wa dada yake. Basi, mambo yameharibika.

Pale ukumbini palikuwa kimya kama kanisani. Hakuna aliyehitaji maelezo. Tuna watoto hapa walioitwa hilo jina na watu wa nyumba yao wenyewe, na kila mtu anajua ni akina nani. Baloji hafanyi kama zile sinema za uhamasishaji, kwamba mila ni mbaya, mwisho. Anampa nafasi mama aliyemfukuza mwanawe, mpaka unaona naye alifungwa na jambo lile lile. Na Kiswahili chetu cha Kongo kinasikika humo, kimechanganyika na Kifaransa na Lingala kama kinavyochanganyika foleni ya maji. Kasoro ipo: vijana wa mtaani wenye magauni ya waridi wanapendeza macho, lakini hadithi yao inakatwa pale unapoanza kuwajali. Filamu imebeba mizigo mingi kuliko kichwa chake.

Koffi ni nani? Ni Marc Zinga tena. Na dada yake, Tshala, Mkongomani wa filamu hiyo, ameigizwa na Eliane Umuhire, Mnyarwanda. Mkongomani anavaa sare ya Rwanda, Mnyarwanda anakuwa binti wa Kongo, na wote wawili unawaamini. Mimi sina maneno ya siasa ya kuongeza hapo.

Wakongomani wenyewe wanatengeneza, mtu asiseme hawapo. Djo Munga alitoa Viva Riva! mwaka 2010. Dieudo Hamadi wa Kisangani alichaguliwa Cannes mwaka 2020 na En route pour le milliard, kuhusu walemavu wa vita vya siku sita vya mwaka 2000 wanaoteremka mto kwenda Kinshasa kudai fidia yao. Ila hiyo ni filamu ya watu halisi, haina waigizaji. Tamthilia inataka pesa, na pesa ziko Ulaya, na aliye karibu na mlango wa pesa ndiye anayesimulia.

Neno kwa rafiki zetu wa mashirika, kwa heshima. Mnapotusaidia projekta, tafadhali msisimame baada ya filamu kuuliza "tumejifunza nini?" Swali hilo linafunga midomo. Watu wanatoa jibu mnalolitaka, wanaenda kulala. Subirini. Mazungumzo ya Augure yalianza saa nzima baadaye, nje, gizani.

Kitu kingine ni mkalimani. Huku tumezoea agasobanuye, filamu ambazo mtu anazitafsiri kwa sauti yake juu ya picha, na mkalimani mzuri anaongeza chumvi mpaka unasahau waigizaji. Filamu za matamasha hazipati watu hao kwa sababu hazina risasi za kutosha. Félicité ndiyo imeumia zaidi. Mwanamke ambaye mwanawe amevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, anazunguka Kinshasa mlango kwa mlango akidai pesa za operesheni, na pesa zinachelewa, mguu unakatwa: hadithi hiyo ina nani hapa asiyeijua? Véro Tshanda Beya anatembea kama mtu aliyekataa kuomba hata pale anapoomba. Lakini inaongea Lingala, maandishi ya chini ni ya Kifaransa, na usiku ule mvua ilipiga mabati mpaka hata muziki haukusikika. Nusu ya watu waliondoka kabla ya hospitali. Nataka tuirudie kiangazi, na nimeshampata kijana wa Kinshasa atakayetafsiri. Anasema atafanya bila malipo, ila tusimkatize kwenye nyimbo.