Neno la Kukoleza Halina Sifa ya Kwake

Tuitazame sentensi hii: "The very old wooden boat is completely empty." Maneno manne yanafanya kazi ya kuelezea: "old" na "wooden" yanaielezea mashua, "very" limeshikamana na "old", na "completely" limeshikamana na "empty". Sarufi ya kimapokeo huita mawili ya kwanza vivumishi na mawili mengine vielezi, ikaishia hapo. Mgawanyo huo si kosa, ila unaficha jambo kubwa zaidi.

Ondoa "wooden". Mashua sasa yaweza kuwa ya chuma au ya plastiki. Msomaji amekosa habari. Ondoa "very". Mashua ingali kuukuu. Kilichopungua ni kiwango tu. Neno la kufafanua huleta sifa mpya. Neno la kukoleza nalo hufafanua, lakini halina sifa ya kwake: hupandisha au kushusha sifa ya mwenzake.

Mbona basi "very" na "completely" hayabadilishani nafasi? Uzee hauna kikomo, kwa hiyo "very" huusogeza mbele tu. Utupu una mwisho, na "completely" hutangaza kwamba mwisho huo umefikiwa. "Wooden" halina ngazi kabisa: mashua ni ya mbao au si ya mbao. "Freezing" limekwisha kubeba ukali ndani yake, ndiyo maana Waingereza husema "very cold" lakini "absolutely freezing". Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1985, waliyatenga maneno yanayofikisha kileleni na yanayopandisha tu, kisha wakayaweka katika kundi hilohilo la kukoleza hata yanayopunguza, kama "slightly" na "hardly". Naona walifanya vyema, kwani kazi ni ileile ya kupima kiwango.

Penye mtego kwetu ni kitenzi. "Sana" yetu huhudumia kote: chakula kizuri sana, nakipenda sana. Anayefikiri kwa Kiswahili huweza kuteleza akasema "I very like it". "Very" haligusi kitenzi moja kwa moja. Husemwa "I really like it" au "I like it very much". Walimu wangelikalia jambo hili kwa muda mrefu kuliko orodha za vielezi za kukariri.

Kuna pia jozi zisizoachana: "wide awake", "fast asleep", "stark naked". Hizi mzungumzaji wa Kiswahili huzielewa upesi, kwa kuwa nasi tuna nyeupe pe na nyeusi tii, na hatuzichanganyi.

Neno moja laweza kushika kazi zote mbili. Katika "She sang terribly", "terribly" ni neno la kufafanua: aliimba vibaya. Lipeleke mbele ya "kind", useme "She is terribly kind", ubaya wote unatoweka. Kinachobaki ni wema uliozidi.