Katalogi ya mtandaoni ya santuri za Johannesburg

Anayejenga katalogi ya mtandaoni kwa wakusanyaji wa santuri huamua kwanza kitakachoorodheshwa: wimbo, toleo, au nakala iliyo mkononi. Tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa na Kevin Lewandowski mwaka 2000 nchini Marekani, ilichagua toleo. Muziki uleule ukitolewa tena kwa lebo au namba nyingine, hufunguliwa ukurasa mpya, na kurasa za aina hiyo huunganishwa chini ya ukurasa mkuu mmoja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani mkusanyaji hatafuti wimbo peke yake. Anatafuta sahani yenye lebo fulani na namba fulani.

Santuri za Johannesburg huupima mfumo huo vizuri. Kampuni ya Gallo, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1926, ilitoa "Mbube" ya Solomon Linda na Evening Birds mwaka 1939 kwa lebo ya Singer, namba GE 829. Sahani za mizunguko 78 za enzi hiyo kwa kawaida hazikuandikwa mwaka. Namba ya lebo inasaidia, lakini ni namba ya mauzo, na sahani huweza kuuzwa muda mrefu baada ya kurekodiwa. Namba ya matriki, inayopewa rekodi yenyewe, hukaribia zaidi siku ya kurekodi. Hiyo huchongwa katika sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa mistari ya sauti na lebo, na ili kuisoma sahani huinamishwa chini ya taa mpaka herufi zitoe kivuli. Kwa hiyo hifadhidata hutenga uga wa kila namba, na mwaka wa kukisia haupaswi kamwe kuchanganywa na mwaka uliochapishwa.

Majina yana taabu yake. "Masanga", wimbo uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi nchini Kongo, ulitolewa na Gallo kwa lebo ya Gallotone, namba GB 1586. Mpiga gitaa wake hutajwa kama Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda au Mwenda wa Bayeke. Suluhisho ni kumpa msanii kitambulisho kimoja, huku kila toleo likibaki na jina kama lilivyoandikwa juu yake. Kulisahihisha jina la kwenye lebo ni kufuta ushahidi.

Nakala huwekwa ngazi ya tatu. Wakati wa ubaguzi wa rangi, maktaba ya shirika la utangazaji SABC ilikwaruza kwa ncha kali nyimbo zilizokatazwa ili zisipigwe redioni. Mikwaruzo hiyo ni historia ya nakala ile moja tu. Ikiandikwa kwenye ukurasa wa toleo, itawapotosha wenye nakala nzima.

Linabaki suala la uhakiki. Discogs hupokea taarifa kutoka kwa watumiaji, wenzao huzirekebisha na kuzipigia kura, na data hutolewa wazi ili wengine waitumie. Flatinternational, hifadhi ya santuri za Afrika Kusini ya msanii Siemon Allen, imejengwa juu ya mkusanyo wake mwenyewe: picha za lebo na majalada pamoja na maelezo marefu ya kihistoria. Haina upana wa Discogs, lakini kwa sahani za Johannesburg picha ya lebo iliyo wazi hutatua ubishi ambao kura nyingi haziumalizi.