Pongezi kwa Wanaong'arisha Kingo

Ubora wa mkanda wa ngozi hukaguliwa ukingoni. Basi hongera mafundi ngozi wa Morogoro! Chini ya Milima ya Uluguru palijengwa kiwanda kikubwa cha viatu, kikafungwa mwaka 1990. Mafundi wa mikono wangali kazini. Fundi hupunguza makali ya ukingo, hupiga msasa, huulowesha kidogo, kisha huusugua kwa kijiti laini au kitambaa kizito. Joto la msuguano hulaza nyuzi zikashikamana, hasa kwenye ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miwati. Mwisho hupaka nta, maji ya masika yasipenye kwa urahisi. Kazi hii haitaki haraka. Tukinunua, tusiwapunje mafundi hawa. Subira yao ina thamani.