Mwambie Acheke

Jumamosi iliyopita nilikaa meza ya tatu kwenye sendofu, ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. Mama mzazi wa binti alipoingia na wifi zake, vigelegele vikapasua paa. MC akapaza sauti kwamba mama kawaka. Jirani yangu mezani akaniinamia kuninong'oneza mpambaji ni nani na anatoza kiasi gani, kwa sauti ya mtu anayetaja daktari bingwa.

Nilimtazama yule mama akipita chini ya taa. Chini ya kila jicho palikuwa na pembetatu nyeupe, ncha yake imefika katikati ya shavu, na poda imerundikwa juu yake hadi ngozi imekauka kama ukuta uliopigwa chokaa. Kope za bandia alizobandikwa zingemtosha msichana wa miaka 20. Saa mbili baadaye binti alipiga magoti kumshukuru, mama akalia, na chokaa ikakatika mistari. Chini ya jicho la kushoto niliihesabu, ilikuwa saba. Kesho yake picha zilizopigwa mlangoni, kabla ya machozi, zilikuwa kwenye kila simu, na sifa kwa mpambaji zikimiminika.

Nimepamba mama za watu kwa miaka 26, na jambo hili linaniuma. Bi harusi wa miaka 24 anasamehe makosa. Ngozi yake imejaa, inarudi mahali pake, hata ukimzidishia anabaki mzuri. Mama yake hasamehe. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini, unene wake hauzidi sana nusu milimita, na chini yake kuna msuli wa mviringo unaoikunja kila mtu anapocheka, anapofumba, anapofinya macho juani. Miaka ikisogea, mafuta yaliyokuwa yamejaza mahali pale hupungua na mengine kushuka, na unabaki mfereji unaotoka pembe ya ndani ya jicho kuelekea shavuni. Hapo ndipo mpambaji hupimwa. Ukitaka kujua fundi yukoje, usiangalie picha za maharusi aliowapamba. Omba kuona mama zao, tena waliokwisha kula, kucheza na kulia.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke wa Tanga, akipambia uani kwake Ngamiani. Hakufungua kopo lolote kabla hajamkalisha mteja kwenye mkeka, uso kwenye mwanga wa mlango. "Shikamoo mama. Tazama juu. Sasa nitazame mimi. Sasa cheka." Kisha aliivuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole, taratibu, kama anayekagua hariri. Weusi ukibaki vilevile, ni rangi iliyomo kwenye ngozi yenyewe, mara nyingi ya urithi, au ya jua, au ya miaka ya kufikicha macho kwa mzio. Ukizidi kuwa wa zambarau, ni mishipa inayoonekana kwa sababu ngozi ni nyembamba. Na ule unaotoweka uso ukiinuliwa kwenye mwanga si rangi hata kidogo, ni kivuli cha mfereji. Wamama wengi wana yote matatu kwa pamoja, na kila kimoja kina dawa yake. Mpambaji anayechovya brashi bila kuvuta ngozi wala kuuliza swali anabahatisha.

Kuuliza ni pamoja na kuuliza dawa. Niliwahi kupata mteja, mama wa makamo, ambaye weusi ulimzunguka macho yote mawili, juu na chini, na kope zake zilikuwa ndefu kuliko za bintiye. Wapambaji wawili kabla yangu walikuwa wamemlaumu kwamba halali. Nilipomuuliza akatoa mkobani kichupa cha matone ya presha ya macho. Baadhi ya matone hayo hufanya hivyo hasa, hutia ngozi weusi na kurefusha kope. Nilimwambia asiyaache hata siku moja, maana yanamlindia kuona kwake, akamweleze tu daktari wake. Weusi huo mimi nilikuwa na kazi ya kuutuliza kwa saa sita, basi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo asiyejua halioni kamwe, na kwangu ndilo la kwanza kulitazama: konsila imeishia wapi.

Chini ya jicho la mtu mzima wanakaa majirani wawili. Kuna mfuko, uliotuna, unaoshika mwanga, na chini yake kuna mfereji, uliozama, unaoshika kivuli. Rangi nyeupe husogeza kitu mbele, rangi iliyokolea hukirudisha nyuma. Ukipaka konsila ya kung'aa juu ya wote wawili, mfereji unainuka kidogo, lakini mfuko nao unainuka, tena zaidi, kwa kuwa ulikuwa tayari mbele. Umemzidishia uvimbe mama wa watu kwa ada yake mwenyewe. Ile pembetatu inayosifiwa siku hizi ilikuja kwetu kupitia video za wasichana wasio na mfuko wala mfereji, wanaopambwa mbele ya taa ya duara inayofuta kila kivuli. Ukumbini taa iko darini. Inaangaza kutoka juu, na kila kilichotuna kinatupa kivuli chake chini.

Fundi hugusa mfereji peke yake. Mstari wake una upana wa njiti ya kiberiti. Unaanza pembe ya ndani, unafuata bonde lenyewe, na unakoma chini ya mboni; kuvuka hapo ni nadra sana. Mfuko unaachiwa faundesheni ya rangi yake, au iliyokolea nusu daraja. Kisha ukingo unagongwagongwa kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu ya kuburuza, mpaka joto la kidole liyeyushe mpaka. Simama ubavuni mwa mama huyo, usawa wa sikio lake, utazame kando ya shavu kuelekea puani. Kazi mbovu utaiona kama ukingo wa sinia. Kazi njema haina pa kuanzia wala pa kuishia.

Nakumbuka siku aliyoletwa mama mmoja ambaye alikuwa amekesha usiku kucha kwenye mkesha wa harusi ya mwanawe, macho yamevimba. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na nilikwishaandaa makopo matatu. Mwalimu akamkalisha wima, akamkataza kulala, akamwekea kitambaa cha maji ya baridi na kumpa chai. Baada ya nusu saa akachukua konsila kidogo mno, nikadhani amesahau sehemu iliyobaki. Nikamwambia, Bi Mkubwa, hujamaliza. Hakunijibu. Akanituma nikakae naye yule mama barazani. Wapita njia watatu walimsalimu, na wa tatu, jirani yake wa siku nyingi, akamwambia: "Leo umelala, mwenzangu." Hakuna aliyetaja mekapu.

Kuhusu rangi nitasema machache. Weusi wenye ubuluu juu ya ngozi yetu hauzimwi kwa weupe. Ukiupaka weupe unapata majivu, na majivu ndiyo ninayoyaona katika kumbi nyingi za mji huu. Kwanza hutangulia rangi ya chungwa, au ya tofali kwa aliye mweusi zaidi, nyembamba kama mvuke, ndipo konsila. Zamani tulilijua hili kwa shida. Huko Chicago Eunice Johnson alianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973 kwa ajili ya wanawake weusi, lakini nilipoanza kazi mimi, maduka ya Kariakoo yalituuzia rangi tatu na zote za Wazungu. Tulikwangua lipstiki ya rangi ya tofali kwa ncha ya kisu, tukaichanganya na mafuta kiganjani. Mwaka 2017 Fenty Beauty walitoa faundesheni za rangi 40 kwa mkupuo mmoja na ulimwengu wa biashara hii ukageuka. Leo hakuna anayekwangua lipstiki. Lakini mkono uliojifunza kwa kukosa ulikuwa mkono makini, na sijauona tena kwa vijana wengi wenye mabegi ya magurudumu.

Poda ipite mara moja, kwa brashi iliyokwisha kukung'utwa. Kitu kinachometameta hakipandi juu ya kope ya mwanamke aliyevuka miaka 50. Nyusi hazinyolewi zikachorwa upya. Wanja wa chini uwe wa kahawia, usiwe mweusi, na usiguse pembe ya ndani. Kope za bandia, kama lazima, ziwe nusu, upande wa nje tu. Hizo nene zinazobandikwa siku hizi hutupa kivuli chini ya jicho pale pale mpambaji alipotoka kupigania mwanga, kisha anarudi kuongeza konsila kufuta kivuli alichokileta mwenyewe.

Bibi zetu walikuwa na wanja wa manga tu, na liwa iliyosuguliwa jiweni, na bado nikitazama picha zao za studio, za nyeusi na nyeupe, naona macho yenye heshima ambayo sioni kwenye picha za sasa. Mikunjo yao ipo yote, na wazuri. Sipendekezi wanja ule urudi, kwa kuwa aina nyingi zake zina madini ya risasi, na risasi ni sumu. Ninachokililia ni kiasi chao.

Wadanganyifu nimewaona wengi. Yuko aliyebandika mkanda wa gundi penye panja za mteja, akavuta ngozi nyuma na kuificha chini ya kilemba. Saa nne usiku upande mmoja ukaachia, mama akawa na jicho moja la miaka 40 na jingine la 65. Wengine hupaka dawa ya bawasiri chini ya macho ili ngozi ijikaze, kwa muda mfupi, na kesho inawasha. Wengine hupiga picha na kuziachia programu ya simu kufuta mistari. Hawa ni rahisi kuwakamata: tazama shingo na mikono kwenye picha. Shingo ikiwa na miaka 60 na macho yana 30, aliyefanya kazi ni programu.

Lakini wabaya kuliko wote ni wauza mkorogo. Nilimfahamu mmoja aliyekuwa akigawa kikopo kisicho na jina kwa kila mama aliyempamba, "ya kutoa weusi wa macho." Weusi ulitoka miezi ya kwanza. Mkorogo mara nyingi huwa na haidrokwinoni au zebaki. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuiacha ngozi na weusi wa bluu usiofutika, mashavuni na kuzunguka macho, jambo ambalo daktari wa ngozi G. H. Findlay na wenzake walilieleza Afrika Kusini tangu mwaka 1975. Zebaki nayo huharibu figo. Wateja wake wawili walikuja kwangu baadaye, na sikuwa na rangi ya chungwa ya kutosha duniani kwa macho yale.

Anayetaka kweli kupunguza mistari na weusi aanze na jua. Losheni ya kukinga jua yenye rangi ndani yake hufaa ngozi nyeusi kuliko losheni nyeupe isiyo na rangi, kwa sababu madini ya chuma yanayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea weusi. Usiku, retinoli kidogo, juu ya mfupa na si juu ya kope, mara mbili kwa wiki mwanzoni. Dawa ya jamii hiyo daktari wa ngozi Albert Kligman aliionyesha mwaka 1986 kwamba inaweza kulainisha ngozi iliyozeeshwa na jua, na huchukua miezi. Na mikono iache kufikicha. Mfereji wenyewe hakuna krimu inayoujaza. Anayekuambia ipo, ondoka dukani kwake.

Jumamosi ile nilimkuta yule mama msalani, anajipangusa kwa karatasi na kuzidi kujichafua. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa. Nilimng'oa zile kope, nikafuta pembetatu zote kwa kitambaa kilicholowa, nikatoa konsila mkobani, mstari wa njiti ya kiberiti chini ya kila jicho, na kidole cha pete. Nikamwambia acheke. Akacheka, kwa mara ya kwanza usiku ule nadhani, na mikunjo yake yote ikaja mahali pake. Tulipotoka, wifi yake mlangoni akamshika mkono: "Umepumzika kidogo, ee?"

Mpiga picha alikuwa amekwishafunga kamera zake.