Lenzi Fupi na Haki ya Kukataa

Ushauri wa kufunga begi la kamera kwa ajili ya safari ya nje huandikwa kama orodha ya kwenda nayo dukani: kamera mbili, lenzi tatu, betri za akiba, stendi. Hoja yake ni moja tu: usije ukakosa kitu. Mnyama akiwa mbali, uwe na lenzi ndefu. Ukiingia kwenye kanisa lenye giza, uwe na lenzi inayopokea mwanga mwingi. Ushauri huo unajua mengi kuhusu uzito na mwanga, lakini haumtaji kabisa mtu atakayesimama mbele ya lenzi. Pengo hilo linaonekana vizuri tukikifungua upya kitabu kilichopigiwa picha zake barabarani, tena na mgeni: The Americans cha Robert Frank.

Frank alizaliwa Zürich mwaka 1924, akahamia New York mwaka 1947. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa Guggenheim, akaizunguka Marekani kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kifaa chake kikuu kilikuwa Leica, kamera ndogo inayoenea kiganjani. Alipiga takriban picha 27,000. Kitabu, kilichotoka Paris mwaka 1958 na Marekani mwaka 1959, kina 83.

Tumezoea kumsifu Frank kama msafiri mwepesi, lakini sifa hiyo haina ukweli wote. Novemba 1955, polisi wa jimbo la Arkansas walimsimamisha na kumweka ndani kwa saa kadhaa katika mji mdogo wa McGehee. Walitilia shaka lafudhi yake ya kigeni na gari lake lililosheheni masanduku na kamera. Vifaa vilikuwa vimeshamtambulisha kabla hajajieleza. Mgeni anayejipanga asikose chochote huwa anaonekana hivyo hivyo kwa wenyeji: mtu aliyekuja kuchukua.

Muda mfupi baadaye, New Orleans, alipiga picha inayojulikana kuliko zote kitabuni. Tramu inapita. Madirisha yake yamejipanga kama fremu ukutani: weupe mbele, weusi nyuma, kama sheria za ubaguzi zilivyotaka. Kamera ndogo ilimwezesha kuinasa nafasi hiyo kabla tramu haijapita. Lakini nguvu ya picha haiko kwenye wepesi peke yake. Iko kwenye macho. Mwanamke mweupe anamtazama Frank kwa ukali. Mwanamume mweusi anamtazama kwa uso ambao ni vigumu kuusahau. Wamemwona. Kwa lenzi ndefu, kutoka ng'ambo ya barabara, angeweza kupata nyuso hizohizo bila hata mmoja kujua, na picha ingebaki na ubaguzi bila shahidi.

Hata hivyo, tusimtakase. Frank hakuwaomba ruhusa watu wa tramu ile, na ukaribu wenyewe si heshima. Mwizi wa mfukoni naye hukaa karibu. Ninachokitetea ni kidogo zaidi. Lenzi fupi inamlazimisha mpiga picha aonekane, na akionekana, mtu anapata nafasi ya kugeuza uso, kuuliza "unafanya nini?", au kusema hapana.

Ukubwa wa kamera nao si kosa. Sebastião Salgado alipoanza kazi iliyokuja kuwa kitabu cha Genesis (2013), alibeba kamera nzito ya filamu pana, kisha akahamia dijitali kwa sababu mashine za ukaguzi viwanjani zilikuwa zikiiharibu filamu. Kamera kama ile haifichiki. Uzito huchosha bega. Kinachopaswa kutusumbua ni umbali.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu umbali huo kutoka upande wa pili. Lenzi ya milimita 400 inafika Serengeti kwa sababu nzuri kabisa: chui hahitaji kuombwa ruhusa, na kumsogelea ni hatari. Shida huanza lenzi ileile isipovuliwa njiani kurudi, ikaelekezwa dirishani kwa mama anayechota maji au watoto wanaotoka shule. Kifaa kilichochaguliwa kwa ajili ya mnyama kimeamua jinsi mtu atakavyotazamwa, na uamuzi huo ulifanyika nyumbani, siku begi lilipofungwa.

Sasa vijana wengi kutoka huku nao wanasafiri na kamera, kwenda Istanbul, Guangzhou, Berlin. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apigwe picha. Kabla hujauliza lenzi gani itakupa kila kitu, jiulize uko tayari kusimama umbali gani na watu usiowajua, kwa lugha usiyoimudu. Kama jibu ni hatua tatu, lenzi moja ya milimita 35 au 50 inatosha, na begi litakuwa jepesi. Kama jibu ni ng'ambo ya barabara, piga majengo. Zipo picha utakazozikosa. Baadhi yake ni zile ambazo mwenyewe angekukatalia.