Mandhari ya Pakiti za Unga

Nilikutana na kazi za Rosemary Karuga kwa simu, ndani ya mathree, jam ya Jogoo Road imetushika pale City Stadium. Kwa simu picha zake zinadanganya. Unaona kuku, ng'ombe, akina mama, majani nyuma yao, unasema sawa, mandhari ya ushago, nishaona nyingi. Halafu unakuza picha na kile ulichodhani ni rangi kinageuka vipande vidogo vya karatasi: pakiti za unga, karatasi za sabuni ya Rexona. Ni kukata na kubandika.

Wanaomwandika hukimbilia kusema alitumia pakiti kwa sababu rangi ilimshinda bei. Ni kweli, na bado inaniudhi. Hiyo stori ya "kutoa urembo kwa takataka" sisi wa Eastlands tunaijua. Dandora ikitajwa tu, mgeni ashatokwa na machozi. Inamfanya Karuga aonekane kama mtu aliyebahatisha. Alizaliwa Meru 1928, akasomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ile. Kisha ualimu, watoto, miaka ikapita. Alipoirudia sanaa kwa dhati, miaka ya 1980 pale Paa ya Paa, alikuwa anakaribia 60. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum in Harlem, New York. Huyo si mama wa kuhurumiwa, ni fundi aliyechelewa kupewa nafasi.

Na ufundi upo. Mnyama na kichaka vinajengwa kwa vipande vidogo vya aina moja, hadi jicho linatafuta ng'ombe anaishia wapi. Rangi zenyewe ni za kiwandani, zile za rafu ya duka la mtaani. Fikiria safari hiyo: mahindi yanatoka shambani, yanasagwa, yanarudi yakiwa ndani ya pakiti, naye anaikata pakiti na kuirudisha shambani. Sisi Umoja tunalijua shamba kwa mwisho huo tu, bei ya unga ikipanda.

Lawama yangu ni moja. Shamba lake limetulia mno. Hakuna anayegombania mpaka, hakuna kijana anayesubiri basi la kuja Nairobi. Mji unaingia kwa karatasi peke yake, kimyakimya, na wakati mwingine natamani ungepiga kelele kidogo. Lakini ukinipa kuchagua kati yake na zile savana za machweo zinazouziwa watalii, si hata swali.

Alifariki Februari 2021, Ireland. Natamani kusimama mbele ya kazi yake moja, karibu kabisa, nione gundi. Shida ni kwamba galari nyingi ziko upande wa Westlands na kwingineko, mathree mbili kutoka kwetu, na hapo bado sijahesabu jam.