Dakika Tano za Kunadi Wazo

Ijumaa jioni watu hufika kwenye warsha ya ubunifu wakitoka makazini na vyuoni, mabegi ya kompyuta mgongoni, wengi wao hawajuani. Mwenye wazo husimama, hupewa sekunde 60 aseme anataka kutengeneza nini na anamtengenezea nani, kisha hukaa. Vichwa vya mawazo hubandikwa ukutani, watu huyapigia kura kwa vikaratasi vya rangi, na mengi hufia pale pale ukutani kabla ya chakula cha usiku. Yaliyosalimika hupata timu. Jumapili jioni kila timu husimama tena mbele ya majaji, safari hii kwa dakika tano, ikiwa na kitu ambacho mtu anaweza kukibonyeza. Mtindo huu wa saa 54 ulianzia Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, mwaka 2007, ukasambaa hadi kwetu, na sasa kila mwenye ukumbi na intaneti ana toleo lake.

Nimekaa kwenye warsha za namna hii nikiwa mshauri wa timu, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyozidi kuuheshimu ufundi unaofanyika humo. Wapo wanaoudharau. Husema ni maneno matupu, vijana wamevaa fulana za wadhamini wanashindana kuongea. Wasemao hivyo huwa wamehudhuria Jumapili tu, siku ya makofi na picha. Kazi yenyewe hufanyika Jumamosi, na sehemu yake iliyo bora hufanyika nje ya ukumbi.

Timu moja niliyoishauri ilikuwa na vijana wanne waliotaka kutengeneza programu ya simu ya kuagiza chakula kwa mama lishe. Picha nzima walikuwa nayo kichwani: mfanyakazi wa ofisini anachagua wali maharage kwenye skrini, analipa kwa simu, bodaboda analeta. Tukawaomba wafunge kompyuta, watoke. Nikafuatana nao hadi kwa mama mmoja anayepika karibu na gereji. Wakakaa kwenye benchi lake, wakaagiza, wakala, ndipo wakaanza kuuliza. Wateja unao? Anao wa kutosha. Ikifika saa nane mchana sufuria ni tupu. Kufikisha chakula je? Walaji wake wako hatua chache tu kutoka jikoni, wanasikia hata mwiko ukigonga sufuria. Wazo la Ijumaa likawa limekwisha, na saa tano ya asubuhi ilikuwa haijafika.

Wakataka kuaga. Binti mmoja wa timu akabaki amekaa, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha yao: mama, jana usiku ulilala unawaza nini? Mama akainama, akatoa chini ya meza daftari la shule lililotoka jalada.

Lilikuwa daftari la madeni. Mafundi wa gereji hula kwa mkopo, hulipa kazi ikilipa. Na walioandikwa humo hawakuandikwa kwa majina yao. "Fundi shati la kijani." "Mrefu wa rangi." "Dogo wa Baba Neema." "Yule wa Jumatatu." Mbele ya kila mmoja kulikuwa na vistari, kistari kimoja sahani moja, na aliyelipa amekatwa kwa mstari mrefu wa kalamu nyekundu. Kurasa za nyuma zilikuwa na watu wasiokatwa, waliohamia gereji nyingine na vistari vyao. Mama hakuwa na namna ya kujua kwa haraka jumla yake nje ni shilingi ngapi. Kila alfajiri alipokwenda sokoni kununua mchele alikuwa anakisia.

Kijana mchoraji wa timu alikuwa ameshaandaa skrini yenye visanduku vitatu: jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu. Alilisoma lile daftari ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno, akageuza karatasi yake, akachora upya. Kisanduku kikawa kimoja, juu yake kimeandikwa: unamwitaje? Chini yake vitufe viwili vikubwa. Kimoja "Kala", kingine "Kalipa".

Ule mchoro naukumbuka kwa kila undani wake. Kijana alikuwa amesomea kompyuta, na kila fomu aliyowahi kujaza maishani ilimtaka jina la kwanza na la ukoo; kuviondoa visanduku vile kulimtaka akubali kwamba mpangilio wa mama, uliozaliwa gerejini, ulikuwa na akili kuliko ule aliofundishwa darasani. Wengi hatufiki hapo hata kwa miezi ya vikao. Yeye alifika kati ya sahani ya wali na kuinuka kwenye benchi.

Waliporudi ukumbini hawakugusa kompyuta. Walikata karatasi kwa vipimo vya simu, kila karatasi ikawa skrini moja, na mmoja wao akageuka kuwa simu: mwenzake akigusa "Kala", yeye huondoa karatasi ya juu na kuweka inayofuata. Anayepita anaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Lakini karatasi hakuna anayeionea haya. Ukimpa mgeni programu iliyokamilika, ataisifu kwa adabu. Ukimpa karatasi iliyochorwa kwa peni, atakwambia hapa sielewi, na utaifuta mbele yake bila uchungu. Jeff Hawkins naye, kabla kifaa chake cha mkononi cha Pilot hakijatoka mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao chenye ukubwa aliokusudia kifaa kiwe nao. Alikiweka mfukoni mwa shati, na kila alipotaka kuandika miadi alikitoa akajifanya anaandika juu yake. Alikuwa anajiuliza kama kitu kile kingestahili kubebwa kutwa. Mbao ilimjibu mapema, kwa gharama ya mbao.

Jioni likaja jambo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria. Simu ya mama ilikuwa kitochi. Kwa hiyo vitufe vikubwa vya "Kala" na "Kalipa" visingewezekana; ilibidi kutumia menyu zile za nyota na alama ya reli, ambazo kila mtu anazijua kwa kutuma pesa. Skrini moja ya menyu hizo haibebi zaidi ya herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo, na ukichelewa kujibu inakatika. Vijana walishika vichwa. Kisha wakaanza kupunguza. Neno "tafadhali" likaondoka kwanza, yakafuata majina ya timu na salamu za kukaribisha, mpaka ikabaki orodha ya wadaiwa na namba za kubonyeza. Malenga anayetunga tarbia anajua hali hii: mizani nane na nane katika kila mshororo humlazimisha atafute neno linalobeba uzito wa matatu, na shairi hutoka limekaza. Menyu ya saa tano usiku ilikuwa nzuri kuliko ya saa mbili, na hakuna kilichoongezwa.

Nayasema haya kwa sababu sifa za ubunifu hupewa zaidi wazo, na wazo ndilo lenye sehemu ndogo. Historia ya M-Pesa inathibitisha. Nick Hughes na Susie Lonie walipoanza majaribio nchini Kenya mwaka 2005, huduma ilikusudiwa wakopaji wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wa majaribio walikuwa kama 500. Watu wale walipoizoea waliitumia watakavyo: mmoja alimlipia mwenzake marejesho kwa makubaliano yao, mwingine aliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa alikofika ili asizibebe njiani, mfanyabiashara aliifanya kasha la kulaza mauzo ya jioni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo haikuwa tena mbele. Watu waliambiwa jambo moja, kutuma pesa nyumbani, na taifa zima likaelewa. Ustadi ninaousifu hapa ni wa kutazama watu wakikosea kutumia kitu chako na kugundua kwamba wao ndio walio sahihi.

Nao muda mfupi si adui wa kazi ya maana. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wito, na pamoja na Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich wakaanzisha Ushahidi, ramani iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi kwa ujumbe wa simu na intaneti. Ilichukua siku chache tu. Hapakuwa na majaji wala tuzo. Palikuwa na shida inayojulikana waziwazi, na shida ikishakuwa wazi kiasi hicho mikono huenda mbio.

Sasa Jumapili. Dakika tano ni chache mno kwa anayetaka kueleza kila alichofanya, na zinamtosha anayetaka kueleweka. Mnadi dhaifu huanza na dunia: mabilioni ya watu, matrilioni ya dola, bara linalokua kwa kasi. Majaji huinamia simu zao. Timu ya mama lishe ilianza hivi: "Kuna mtu gerejini anaitwa Fundi shati la kijani. Amekula sahani kumi na moja." Ukumbi ukatulia, kwa kuwa kila aliyekuwemo amewahi kudaiwa au kudai. Baada ya hapo ndipo walipoonyesha ukurasa wa daftari, kwa ruhusa ya mwenyewe, wakabonyeza menyu yao kwenye kitochi halisi, jumla ya madeni ikatokea. Walizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mashindano mengi ya Nairobi na Dar es Salaam huendeshwa kwa Kiingereza, na nimeona mara nyingi kijana aliyeieleza shida kwa ufasaha kwenye benchi akiigeuza kuwa ukungu jukwaani. Lugha aliyohojia ndiyo yenye maelezo yote. Kumnyima hiyo ni kumwomba anadi bidhaa akiwa ameiacha nyumbani.

Kisha maswali, ambayo kwangu ndiyo kipimo kikubwa. Pesa iko wapi? Nani atalipa gharama ya kila menyu inayofunguliwa? Mama akipoteza simu, madeni yake yamekwenda wapi? Kuhusu malipo waliwaonyesha majaji hesabu yao, fupi na ya kweli. Kuhusu simu kupotea, yule binti alijibu: "Hatujalitatua. Leo daftari lake lina usalama kuliko sisi." Nilitamani kumpigia makofi kabla ya wakati. Mwekezaji makini anajua kwamba bidhaa ya siku mbili ina mashimo. Anachotafuta ni mtu anayejua yalipo.

Hawakushinda. Nyingi hazishindi, na hata zinazoshinda nyingi hufifia wiki chache baadaye, wenyewe wakirudi kwenye mitihani na ajira. Zipo zilizoendelea. Mwaka 2010 jijini Nairobi, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walishinda kambi ya saa 48 iliyoitwa IPO48, wakapata euro 10,000, na kuanzisha M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi ili asiuze gizani. Euro hizo zilikuwa mtaji, lakini kambi yenyewe iliwapa kitu cha mapema zaidi: sababu ya kukaa pamoja saa 48 wakiishughulikia bei ya mazao na si kitu kingine.

Ombi langu kwa waandaaji wa warsha hizi ni moja na linatekelezeka. Kwenye meza ya majaji, pembeni ya mtu wa benki na mtu wa kampuni ya simu, wekeni kiti cha mtu anayeishi na shida inayonadiwa. Mlipeni fedha ya siku nzima, kwa sababu siku hiyo hatauza. Mpeni swali la kwanza, kabla ya wenye suti, na alama zake zihesabiwe sawa na zao. Nauli na posho yake havizidi bei ya fulana za washiriki. Timu zikijua tangu Ijumaa kwamba Jumapili zitamnadia yeye, Jumamosi hakuna itakayobaki ukumbini.